Siku Baba Mkwe Alipoinua Macho

Baba mkwe wangu aliniona kabla sijamwona. Nilikuwa juu, ukingoni mwa mbao zilizotandazwa tayari kumwagiwa slabu, sakafu ya zege ya ghorofa, nimekaa juu ya vyuma vya biimu, yaani boriti, kama mtu aliyepanda punda, mguu mmoja huku na mwingine kule. Suruali ilikuwa imenibana. Koleo lilikuwa mkononi na waya wa kufungia ulikuwa umening'inia kiunoni. Yeye alikuwa chini pamoja na wazee wenzake wa kamati ya ujenzi ya kanisa, ameinua uso kutazama kazi ilipofikia. Nilipogeuka kuvuta waya, macho yetu yakakutana.

Kwa mtu asiyewajua Wakuria, hapo hakuna jambo la kusimulia. Mzee amemwona mke wa mwanawe akifanya kazi, basi. Lakini pale Kehancha, nilikoolewa, kati ya baba mkwe na mke wa mwana kuna kitu wanachokiita ensoni. Ni heshima na ni aibu, vyote kwa pamoja. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Akija njia hii, wewe unapita ile. Yeye hawezi kuingia chumba unacholala, na wewe huwezi kukaa alipokaa. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimemwona mzee huyo kwa ubavu tu, kofia yake, mgongo wa koti lake, na sauti yake nikiisikia kutoka jikoni. Hatukuwa tumewahi kutazamana usoni. Na siku tulipotazamana, mimi nilikuwa juu ya kichwa chake nimetanua miguu.

Sikuzaliwa kwenye chuma. Mimi ni mtoto wa kisiwa cha Rusinga, binti wa mvuvi, na kazi niliyoijua kwanza ni kushona nyavu. Wavu ukirudi umechanwa na mawe au na kiboko, sisi wasichana tulikaa nje ya nyumba tukaupitisha magotini, tukitafuta matundu na kuyafunga. Vidole vyangu vilijua fundo kabla havijajua kushika kalamu vizuri. Mume wangu alikuja kujenga Mbita, mji ulio jirani na kisiwa chetu. Yeye hakujua Dholuo, lugha yetu, mimi sikujua Kikuria, kwa hivyo tulitongozana kwa Kiswahili cha sokoni, kile cha "mimi nakupenda wewe sana," na wenzangu wakacheka mpaka wakachoka. Alikuwa fundi wa chuma. Nilipomuuliza fundi wa chuma hufanya nini, alisema, "Mimi natengeneza mifupa. Wengine wanaweka nyama."

Tulipooana kazi ilikuwa Homa Bay. Kikundi chao kilikuwa kimepewa kazi ya chuma ya jengo la maduka karibu na soko la samaki, na mimi nikapata nafasi ya kuwapikia mafundi. Asubuhi chai na mandazi, mchana ugali na omena, dagaa wa ziwani, au maharagwe. Mume wangu aliwaambia watu wa kwao kwamba mkewe anawapikia mafundi, na ilikuwa kweli.

Nilivyoingia kazini ni kwa sababu ya vikombe. Siku moja nilipanda kwenye slabu kukusanya vikombe vya chai. Konkriti ilikuwa imwagwe kesho yake, na wafungaji kadhaa hawakuwa wamefika kwa sababu kulikuwa na msiba kwao. Fundi mkuu, mtu mfupi kutoka Migori mjini, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alikuwa akizunguka akigombeza kila aliyemwona. Niliona mahali vyuma viwili vilipokatiza, waya umefungwa ukalegea. Nikainama, nikauzungusha kwa vidole, nikaukaza. Nikaona mwingine, nikaukaza. Sikufikiria. Ilikuwa kama tundu la wavu.

"Wewe mama," akasema nyuma yangu. "Hiyo umefunzwa na nani?"

Nikashtuka, nikaweka vikombe chini. "Samahani, fundi."

"Sijasema samahani. Nimeuliza nani amekufunza."

"Ni nyavu tu. Kwetu tunashona nyavu."

Akanitazama kidogo, kisha akamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama upande wa pili akijifanya kupima kitu. Akavua koleo lake kiunoni akanipa. "Shona hii," akasema.

Nilifunga mpaka jua likazama. Mafundi walikula chakula baridi siku hiyo na hakuna aliyelalamika, ila walinicheka, na walimcheka mume wangu zaidi. "Bibi yako anakupita mkono!" Yeye alicheka pamoja nao. Usiku hakuniambia kitu. Nami nikalala nikiona haya kana kwamba nimemvua nguo mbele ya watu.

Wasichana huniuliza siku hizi mtu anaingiaje kwenye kazi hii, na mimi huwaambia ukweli: wengi huingia kwa mlango ambao si mlango. Unasimama getini asubuhi pamoja na vibarua wengine, unabebeshwa. Chuma hubebwa begani, na ukikosa kuweka kitambaa, ngozi inatoka. Ukishajua kubeba, utajua kunyoosha. Ukishajua kunyoosha, utapewa hakso, msumeno wa chuma, ukate. Halafu unapelekwa kwenye ubao wa kukunjia, ule wenye vyuma vifupi vilivyopigiliwa, ukunje ringi, zile pete za mraba zinazoshika vyuma vya nguzo pamoja. Huko ndiko mtu hujulikana. Ringi mbovu moja hupindua nguzo nzima. Baada ya ringi ndipo kufunga, na ndipo fundi mwenye roho nzuri atakufunulia mchoro, akuonyeshe chuma kipi ni kinene na kipi ni chembamba, kipi kinapita juu na kipi chini, na kwa nini. Kuna vyuo vya ufundi, na kuna mtihani wa serikali ambao ukiupita unapewa cheti. Mimi niliufanya mtihani huo baadaye sana. Lakini hata mwenye cheti, akifika kazini, huulizwa kwanza kama amekuja na koleo lake.

Nilianza na koleo la kuazima. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikafunga leso juu yake, na leso ikawa inanasa kwenye vyuma, nikaivua. Hapo ndipo aibu ya pili ilipoanzia. Jumapili kanisani nilikuwa nikificha viganja vyangu. Kutu huingia kwenye mistari ya mkono na haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Wakati wa kusalimiana nilitoa ncha za vidole tu. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliwahi kuniuliza kama nauza vyuma chakavu, nikamwambia ndiyo.

Kwa mama yangu mzazi kule Rusinga sikuweza kudanganya, kwa sababu yeye hunusa. Nilipoenda kumwona alishika mikono yangu, akainusa, akaniuliza. Nilipomwambia, aliiachia mikono yangu, akasema kwa Dholuo kwamba mwanamke hapandi paa. Kwetu Waluo ni mwiko. Mwanamke akipanda juu ya nyumba, chira hufuata, ile laana inayomkondesha mtu polepole bila daktari kuijua.

"Mama, si paa. Ni slabu."

"Kuna watu chini yako?"

"Wako."

"Basi ni paa."

Nikarudi Homa Bay na maneno hayo, na kila nilipopanda ngazi niliyasikia. Lakini nilipanda. Sitasema nilikuwa shujaa. Nilipenda ile kazi. Nilipenda namna chuma kilichotawanyika asubuhi kinavyokuwa kitu kilichosimama jioni. Na nilipenda, naona haya hata kuandika, kuwa juu.

Kazi ya Kehancha ilikuja wakati sote wawili tulikuwa tumekaa bila kazi. Kanisa moja nje kidogo ya mji lilikuwa linajenga ukumbi wa ghorofa, na fundi mkuu akachukua kazi yake ya chuma. Mume wangu alikataa kwanza. "Kule ni kwetu," akasema. "Watu watakuona."

"Wataona nini? Nitapika."

"Utapika kweli?"

Tulipofika nilipika, wiki ya kwanza. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa kikundi aliugua malaria, na fundi mkuu akanitazama tu. Nikavaa suruali. Tuliambiana kwamba mzee hatafika huku, yuko na tumbaku yake na ng'ombe wake upande wa pili wa mji. Kwamba alikuwa kwenye kamati ya ujenzi, mume wangu alikuwa anajua na hakuniambia. Labda alidhani wazee wa kamati hukaa ofisini wakinywa chai.

Siku yenyewe mume wangu, fundi mkuu na wafungaji wengine walikuwa wameenda Migori kuchukua vyuma vilivyopungua. Pale kazini tulibaki mimi juu, mafundi wa mawe upande wa nyuma, na watu wa mkono, wale vibarua wa kusaidia mafundi, waliokuwa wakichanganya saruji na mchanga. Chini ya mahali nilipokaa kulikuwa na shimo la msingi wa ngazi ya zege. Vyuma vya kuanzia vilikuwa vimesimama ndani yake, vinangoja ngazi ije ivishike. Vilikuwa wazi, ncha zake juu. Ndivyo tulivyoviacha kila mahali tulipofanya kazi, na hakuna aliyewahi kutuuliza.

Macho yetu yalipokutana, mzee hakupiga kelele. Alishusha kofia yake usoni, kama mtu anayejikinga na jua. Kisha akaanza kuondoka bila kutazama njia, kinyumenyume, haraka, mkono mmoja umeshika kofia. Mimi nilikuwa namwona anakokwenda. Mdomo wangu ukafunguka. Na hapa ndipo moyo wangu hukwama mpaka leo: sikujua nimwiteje. Mke wa mwana hamwiti baba mkwe kwa sauti. Nilipopata neno, nilipopiga kelele "Shimo!", alikuwa ameshakanyaga hewa.

Sikumbuki nilivyoshuka. Najua sikutumia ngazi, kwa sababu suruali yangu ilichanika nyuma kuanzia kiunoni mpaka gotini, na kitu hicho hakifanywi na ngazi. Nilipofika ukingoni mwa shimo, alikuwa amekaa chini kama mtu anayepumzika, mgongo kwenye udongo, na chuma kimoja kilikuwa kimeingia nyuma ya paja lake na kutokea mbele. Damu haikuwa nyingi. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

Wazee wenzake walikuwa wanamwita Mungu. Fundi mmoja wa mawe alikuwa tayari ameshamshika kwapani. "Tumwinue! Moja, mbili..."

"Usimwinue!" nikasema. "Ukimtoa kwenye chuma atamwaga damu yote. Chuma kikatwe. Aende nacho."

"Nani atakikata?"

Walijaribu. Fundi wa mawe alikuwa mtu mnene, na vyuma vile vilikuwa vimekaribiana. Hakuweza kupita kati yake bila kumgonga mzee. Kijana mmoja wa mkono alishuka na hakso, akaona lile paja, akatapika. Mimi ni mwembamba. Niliichukua hakso mkononi mwake nikaingia.

Mzee alikuwa amefumba macho. Aliponisikia nikipumua karibu naye alijua ni mimi, sijui kwa nini. Labda harufu ya moshi wa jikoni.

"Toka," akasema kwa Kiswahili. Sisi wawili hatukuwa na lugha nyingine, na hata hiyo hatukuwa tumewahi kuitumia. "Tafuta mtu mwingine."

"Baba, hakuna mwingine."

"Toka, mama. Tafadhali."

Neno hilo tafadhali liliniuma kuliko kama angenitukana. Mzee aliyeheshimiwa na ukoo mzima alikuwa ananiomba nimwonee huruma, nimwache na heshima yake. Na mimi nilikaa kwenye udongo, nikaupitisha mguu wake juu ya magoti yangu, nikaukumbatia kwa mkono wa kushoto kwa nguvu ili usitikisike, nikaanza kukata chini yake kwa mkono wa kulia.

Kukata chuma kwa hakso ni kazi ya utulivu. Ukiharakisha, blade inakatika. Lazima uvute mrefu, uache, uvute. Kila nilipovuta, chuma kilitetemeka ndani ya nyama yake, nami nilikisikia kwenye kifua changu kwa sababu nilikuwa nimembana hivyo. Hakulia. Alikuwa anasema maneno ya Kikuria kwa sauti ndogo, na baadaye niliambiwa zilikuwa sala. Nguo yake ilikuwa imepanda. Niliona ambayo mke wa mwana hapaswi kuyaona. Nikatazama blade tu. Machozi yangu yalikuwa yakimdondokea na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

Mama mmoja wa kanisa alisimama juu ya shimo akanirushia leso. Nilidhani ni ya kumfunga jeraha, nikaikamata, nikaizungusha pajani mwake juu na chini ya chuma, nikaikaza vile ninavyokaza. Nilipomaliza niliinua macho nikaona uso wa yule mama, nikaelewa. Leso ilikuwa ya kunifunika mimi. Mgongo wangu wote, na chini ya mgongo, ulikuwa wazi mbele ya kamati ya ujenzi.

Chuma kilikatika. Wakambeba juu, wakamlaza kwenye pikapu ya mchanga, wakaondoka naye kwenda hospitalini. Mimi nikabaki ndani ya shimo. Hakuna aliyenipa mkono nitoke. Sidhani walinichukia, nadhani hawakujua wanipe mkono gani, mtu kama mimi anashikwaje. Nilingoja mpaka sauti zikatawanyika, nikapanda mwenyewe, nikatembea mgongo ukiwa umeelekea ukuta mpaka jikoni, nikajifunga gunia la saruji.

Mume wangu alifika jioni. Watu walikuwa wameshamweleza njiani. Aliingia jikoni, akasimama mlangoni, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni nani alimshika?"

"Mimi."

"Hakukuwa na mwanamume?"

Nikamweleza kuhusu vyuma vilivyokaribiana na fundi mnene na kijana aliyetapika. Niliona akijaribu kusikiliza. Alikuwa mtu mwema, na bado ni mwema. Lakini alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto, na mimi nikauficha nyuma, kama nilivyozoea kuuficha kanisani.

Mzee alihamishiwa hospitali ya Migori, wakatoa chuma kule, akapona. Daktari alisema aliyeacha chuma mguuni alifanya vizuri. Habari hiyo ilifika nyumbani na haikubadili kitu. Mama mkwe aliniita kando, akaniambia kwa upole kwamba kuna mambo ambayo lazima wazee wayaweke sawa kwanza, na mpaka yawekwe, nisiingie boma lile, wala nisilale na mume wangu. Nikachukua mfuko wangu, nikaenda Rusinga.

Mama yangu hakusema "nilikuambia." Hiyo ingekuwa nafuu. Alinipokea, akanipa wavu, tukakaa nje tukashona. Majirani walipita wakasalimu na kukaa kidogo zaidi ya kawaida. Kila nilipokohoa mama alinitazama. Nilijua anatafuta chira. Mwisho nami nikaanza kuitafuta. Nilikuwa napima kiuno changu kwa mikono asubuhi, nikiona kama nimekonda. Nyavu zilinishinda. Vidole vilikuwa vimezoea waya na vikakata uzi.

Nilipoitwa kurudi Kehancha, mbuzi alikuwa ameshafungwa. Wazee wa ukoo walikaa uani. Nilikaa mbali, karibu na zizi, nimejifunika leso mbili. Mzee aliletwa akaketishwa kwenye kiti, mgongo kwangu, mguu umenyooshwa mbele. Hapo ndipo nilipouona mguu, jinsi ulivyokuwa mwembamba kuliko mwenzake. Wazee walizungumza kwa muda. Kikuria changu kilikuwa kidogo, lakini jina la kazi yangu lilitajwa mara nyingi na halikutajwa vizuri. Mmoja wao, mwenye sauti kali, alionyesha kidole upande wangu. Nilielewa alikuwa anauliza mwanamke alikuwa anafanya nini juu.

Baba mkwe akagonga chini na fimbo yake. Akasema kwa Kikuria, kisha akarudia kwa Kiswahili, polepole, bila kugeuka, na nikajua alirudia kwa ajili yangu.

"Huyu alikuwa kwa kazi yake. Nani alimwambia aangalie chini? Ni mimi niliinua macho. Macho ni yangu, na mguu ni wangu."

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Kisha mzee akaongeza, "Kazi afanye. Lakini asifanye hapa mahali macho yangu yanafika. Mimi ni mzee. Sitaki kutembea nikiangalia chini kila siku."

Mbuzi akachinjwa. Yakafanywa yaliyofanywa, nikapakwa nilichopakwa, nikaambiwa sasa ni sawa. Watu walidhani ningefurahi. Mama mkwe alinishika bega, akasema nimepata baba. Nami nilienda nyuma ya zizi nikalia, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Lawama ningeibeba, nimebeba vitu begani maisha yangu yote. Sikuwa nimejiandaa kwa mzee kuchukua aibu yangu akaiweka juu ya mguu wake mbovu na kusema ni yake.

Nilirudi Homa Bay na nipo Homa Bay hadi leo. Mume wangu hufanya kazi upande wa Migori, tunaonana kazi ikiruhusu. Nilifanya ule mtihani, nikapata cheti, na sasa kuna majengo ambayo mimi ndiye ninayefunua mchoro. Wasichana huja getini. Wengine wamemaliza chuo cha ufundi, wengine walikuwa wanauza samaki. Nawapa koleo, nawaonyesha kukunja ringi. Kabla ya yote hayo nawaonyesha ncha za vyuma vilivyosimama, na jinsi ya kuzipinda au kuzivika chupa kuukuu za plastiki zilizojazwa mchanga. Huuliza kwa nini ninakuwa mkali hivyo kwa jambo hilo. Huwaambia mtu anaweza kuanguka. Sijawahi kuwaambia zaidi ya hapo. Na sijawahi kuwaambia wavae suruali au wasivae. Hilo kila mmoja aamue na watu wa kwao.

Krismasi iliyopita tulienda Kehancha. Ninapokuwa pale naisikia fimbo yake kabla ya kumwona, maana hatembei tena bila hiyo, na nikiisikia nazunguka jikoni mpaka apite. Ndivyo anavyofanya kila mke wa mwana katika boma lile. Wake za mashemeji zangu hufanya hivyo wakichekacheka, ni desturi tu. Mimi sicheki. Ninaposimama nyuma ya ukuta ule moyo hunipiga kama nimeiba, na sijui kutenganisha iliyo heshima na iliyo aibu.

Mchana mmoja mvua ilianza ghafla. Nilikuwa jikoni peke yangu napika ugali. Nilisikia fimbo ikija mbio, halafu ikasimama. Alikuwa amejikinga chini ya ukingo wa bati, upande wa nje, na kati yetu kulikuwa na ukuta wa udongo tu. Hakujua niko pale, nilidhani. Nikashusha mwiko taratibu.

"Homa Bay kuna mvua?" akauliza.

Nikatazama mlango. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuulizwa. "Iko, baba. Kidogo."

Mvua ikapiga bati. Nilisikia akihamisha uzito kwenye mguu mzuri.

"Bado unapanda?"

Ningeweza kusema siku hizi mimi husimamia tu. Kwa sehemu ingekuwa kweli.

"Bado, baba."

Moshi ulikuwa unaniingia machoni na sikutaka kusogea.

"Haya," akasema.

Mvua ilipopungua, fimbo ikaondoka polepole kuelekea zizini. Nilibaki nimeegemea ukuta mpaka mama mkwe alipoingia akauliza kama sisikii ugali unaungua.